Kidonge Kwenye Fundo la Leso

Siku Kimeli alipopindua kikombe cha mursik nyumbani kwa Chesang kule Saboti, walioifaidi posa ile walikuwa mbwa peke yao. Walilamba maziwa yale ya mgando mpaka nyasi zikang'aa, kisha wakamtazama mzee yule usoni kama wanaouliza kama kuna kikombe kingine.

Ilikuwa Desemba ya mwaka wa themanini na mbili, mahindi yameshaingia ghalani, wakati ambao watu wa Trans-Nzoia hupata nafasi ya kuoza watoto. Kimeli alikuwa ametoka upande wa Kwanza na watu wanane waliovaa makoti kwenye jua, kuja kumposea kijana wake binti wa Chesang, Jeruto. Alikuwa mtu wa kuonekana, huyo Kimeli. Alikuwa na mashine ya kusagia mahindi, shamba la kupotelea ndani, na kiti cha mbele kanisani ambacho hata mchungaji hakukikalia. Chesang yeye alikuwa mjane mwenye vitunguu na ulimi.

Mazungumzo yalikuwa yamefika palipo pagumu. Kwa watu wa upande ule wa mlima, kabla ng'ombe hawajatajwa, kila nyumba huulizwa mambo yake. Mama alitoka kwa nani? Kuna kifafa? Kuna uchawi? Kuna wazimu? Na mwenye kujibu ni shangazi, kwa sababu baba anaweza kudanganya kwa ajili ya ng'ombe, lakini shangazi hapewi ng'ombe, anakula tu na kurudi kwake. Upande wa Kimeli haukuwa na shangazi, kwa hiyo alijijibia mwenyewe. Alipoulizwa mama yake alitoka kwa nani, alikohoa akasema, "Mama alikuwa yatima, alilelewa misheni," na akaomba maziwa.

Maziwa yaliletwa na Kipruto, kaka yake Jeruto. Kijana wa miaka ishirini, mpakia simiti katika duka la Mohinder mjini Kitale, mpole mpaka kuku walimzoea. Mwezi uliopita alianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo, na siku mbili kabla ya posa zahanati moja ya mjini ilimdunga sindano ya kuzinyamazisha. Sauti zilinyamaza kweli. Alimimina kikombe cha Kimeli vizuri bila kumwaga tone. Alipotaka kuinua kichwa, shingo ikakataa. Ilijipinda polepole kuelekea bega la kushoto kama mtu anayeitwa kutoka nyuma, macho yakapanda juu yakabaki huko, ulimi ukatoka nje na taya likajifunga. Kibuyu kikaanguka.

Kimeli aliinuka. Alikipindua kikombe chake chini, taratibu, ili kila mtu aone.

"Damu ya namna hii hatuiingizi kwetu," alisema. "Mimi sitoi ng'ombe kununua shingo iliyopinda."

Akatoka, na makoti manane nyuma yake.

Waliobaki walimshika Kipruto, wakamwombea, wakamfukiza moshi wa pilipili, mmoja akamtia kijiko mdomoni kikavunja jino. Kesho yake shingo ilirudi yenyewe. Lakini jambo ambalo hakuna aliyelijua siku ile, na ambalo Chesang alipolijua baadaye hakulisamehe, ni kwamba kijana alikuwa macho muda wote. Akili ilikuwa nzima. Alisikia kila neno la Kimeli, ila hakuweza kuligeuzia shingo.

Kuanzia hapo jina la nyumba ile likawa "kwa wale wa shingo". Chesang akipanga vitunguu vyake sokoni Kitale, wanawake walimsalimu huku wameinamisha kichwa begani, halafu wanacheka kwenye viganja. Kimeli mwenyewe, ilisemekana, alimhadithia kisa hicho kila aliyemletea mahindi ya kusaga, na foleni ya mashine yake ilikuwa ndefu. Jeruto hakuposwa tena. Alinunua cherehani, akaiweka kwenye baraza ya duka la Mohinder, akawa anashona sare za shule za watoto wa wenzake.

Kipruto alikataa dawa. Zahanati ilikuwa imempa na vidonge vya aina ile ile ya sindano, vitatu kwenye kikaratasi. Alivisukuma mbali. "Mama, afadhali sauti kuliko shingo," alisema. "Sauti hazivunji ndoa ya mtu." Basi sauti zikarudi, na asubuhi moja zikaondoka naye.

Chesang aliviokota vile vidonge akavifunga kwenye ncha ya leso. Mwanzoni hakujua kwa nini. Mtu hawezi kujua kila sababu ya kila fundo lake. Lakini kila alipoinamishiwa shingo sokoni alilipapasa fundo, na likawa kama linapata joto.

Miaka mitano alimtafuta mwanawe. Alimpata Bungoma mwaka wa themanini na saba, karibu na soko, miguu imevimba, akibishana na mlingoti wa simu. Alipomwona mama yake alisema, "Mama, nilikuwa nakuja," kama mtu aliyechelewa kutoka shambani.

Hospitalini Bungoma walipokewa na muuguzi wa wagonjwa wa akili, mwanamke mfupi aliyeitwa Nyaruai, ambaye alizungumza na Kipruto moja kwa moja badala ya kuzungumza na mama yake juu ya kichwa chake. Chesang alimpenda kwa hilo, ingawa hakumwambia, asije akaharibika.

"Anakataa dawa kwa sababu gani?" Sista Nyaruai aliuliza.

"Ilimpinda shingo."

"Sindano moja tu? Saa ngapi baadaye?"

"Moja tu. Siku ya pili, wageni wakiwa wamekaa."

Sista hakushtuka wala hakufanya ishara ya msalaba. Alisema tu, "Pole. Hiyo si pepo, ni dawa. Kuna ya kuilegeza, ingechukua dakika kumi." Kisha akauliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa na mtu yeyote. "Nani mwingine kwenu?"

"Mwingine wa nini?"

"Aliyepindwa shingo na dawa. Hata si ya akili. Ile ya kuzuia kutapika pia ni ndugu yake."

Chesang alihesabu kwa vidole. Alimkumbuka mama yake mzazi, mwaka wa sabini na nne, alidungwa sindano ya kuzuia kutapika akatazama bega lake siku nzima huku kanisa likimwimbia. Alimkumbuka na mjomba.

Sista Nyaruai akachukua karatasi. Akachora duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, mistari ya kuwaunganisha, na kila aliyepindwa shingo akamjaza wino mweusi. Mama mweusi. Mjomba mweusi. Kipruto mweusi.

"Kuna watu," alisema, "dawa ikiingia mwilini ini lao linaivunja upesi, inatoka. Wengine ini lao ni la polepole. Dawa inakaa ndani kama mgeni asiyejua kuaga, inajaa, inapinda misuli. Na hilo wakati mwingine mtu hurithi, kama anavyorithi masikio. Wataalamu bado wanachunguza, mimi siwezi kuapa kwamba kwenu ni hivyo. Lakini nikiangalia huu mchoro, mtu wa nyumba hii nitampa dozi ya ndege."

"Kwa hiyo si wazimu unaorithiwa."

"Wazimu ni jambo lingine, na shingo ni jambo lingine. Shingo inaweza kukaa kwa watu wenye akili timamu kabisa, vizazi na vizazi, hawajui, mpaka siku wadungwe."

Alimpa Kipruto dawa nyingine, kidogo kidogo, na kidonge cha kulegeza pembeni. Sauti zilipungua. Kipruto alirudi nyumbani, akarudi hata kubeba simiti, siku ambazo mwili ulikubali. Kitu kimoja tu kilibaki. Midomo yake ilikuwa ikitafuna polepole, kama mtu anayeonja jambo ambalo hajaamua kama ni tamu.

Chesang naye alipata kazi mpya. Aliomba kalenda ya mwaka uliopita dukani kwa Mohinder, akaigeuza, akaanza kuchora maduara na miraba kwa makaa. Alitembelea kila jamaa, akauliza kila mzee nani alidungwa nini na akatazama wapi. Watu walifikiri naye ameanza. Yeye alitaka tu kujua wino ulianzia wapi, na mistari yote ilipanda kwa bibi yake mzaa mama, Tapsubei, ambaye kwao alitajwa kwa sauti ya chini. Kitu pekee kilichojulikana ni kwamba alikuja Saboti akitokea upande wa Cheptais, peke yake, na hakupenda kuulizwa.

Akaenda Cheptais. Huko alielekezwa kwa ajuza mmoja anayeitwa Chepkemei, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe.

"Tapsubei?" ajuza alisema. "Huyo alikuwa mama yangu. Alituacha mimi na dada yangu tukiwa wadogo, akafuata mwanamume wa Saboti. Wewe ni nani unayemtafuta, unamdai?"

"Mimi ni mtoto wa binti aliyemzaa huko Saboti."

Chepkemei alimwangalia kuanzia miguuni. "Basi mimi ni mama yako mkubwa, na umekuja mikono mitupu."

Walicheka, wakalia kidogo, wakapika maharagwe. Chesang alitandaza kalenda chini, akauliza kuhusu shingo.

"Mimi sijawahi kudungwa, nawaogopa," alisema Chepkemei. "Lakini dada yangu, maskini. Aliolewa huko Kwanza. Mwaka wa sabini na moja alikuwa anatapika, mwanawe akamwitia dresa wa zahanati akamdunga. Shingo ikaenda hivi." Akaonyesha, na Chesang akaona bega la kushoto, lile lile. "Mwanawe alifunga mlango wageni wasione. Alipoona haiponi upesi, alimtia kwenye gari usiku akamleta hapa, akamshusha kama debe lililotoboka. Ati asimwaibishie nyumba. Kesho yake shingo ikapona yenyewe. Akamngoja mwanawe aje amchukue. Akamngoja miaka mitatu, mpaka akafa kwenye kitanda hicho hapo."

"Na huyo mwana," Chesang aliuliza, akiyaweka makaa tayari juu ya karatasi, "ni nani?"

"Si ndiye huyo wa mashine ya kusagia. Kimeli."

Chesang aliinama juu ya kalenda. Alichora mraba, akauandikia jina kwa herufi zake za darasa la nne, kubwa kubwa, na mstari akauvuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Kimeli, mtoto wa mama mkubwa. Yaani ndugu yake. Na siku ile Saboti, kikombe mkononi, hakuwa mtu aliyeona jambo la kutisha kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelijua vizuri kuliko wote waliokuwepo. Alimkana mama yake kwanza, halafu akaja akamkana na Kipruto kwa aibu ile ile.

Nyani haoni kundule. Lakini huyu aliliona, akalifunika kwa koti.

Jeruto alipoambiwa aliacha kukanyaga cherehani. "Kumbe yule kijana na mimi ni ndugu. Mama, si basi mzee alituokoa?"

"Mwizi akivunja mlango na moshi ukapata pa kutokea, bado ni mwizi," alisema Chesang.

Alingoja. Alipalilia vitunguu, akangoja. Mwaka wa themanini na tisa habari ikafika Kitale kwamba Kimeli anaoza binti yake, Jepkoech, kwa watu wenye heshima kutoka Bungoma, na kwamba wageni watakuja Jumamosi ya pili ya Desemba. Chesang akapapasa fundo. Mpango ulikuwa umejipanga wenyewe siku nyingi: kidonge kimoja kilichosagwa, ndani ya kikombe cha mursik cha Kimeli, mbele ya wageni, na damu ya Tapsubei ifanye kazi yake. Sista alisema ini la polepole. Yeye alikuwa na subira.

Siku moja kabla, Kipruto alimkuta uani amefungua leso, kisu mkononi, anapima namna ya kusaga kidonge.

"Mama, hivyo ni vyangu," alisema.

"Vilikuwa vyako. Ulivikataa."

"Unavipeleka wapi?"

Chesang hakuwahi kumdanganya mtoto huyu, hata alipokuwa akiongea na milingoti. Akamwambia.

Kipruto alitafuna midomo. "Wewe unajua inavyoonekana," alisema. "Mimi najua ilivyo. Unataka kumeza mate, huwezi. Unataka kuwaambia niko hapa jamani, mimi ni mzima, ulimi si wako. Hata Kimeli, Mama. Mimi simtakii." Akanyoosha kiganja. "Nipe."

Alimpa. Kipruto akavihesabu, vitatu, akaenda navyo nyuma ya nyumba kwenye choo, akarudi akiwa amenawa mikono.

Lakini kesho yake asubuhi, Chesang alipofunga leso kiunoni, ncha yake ilikuwa na fundo.

Alimpitia Chepkemei, wakafika Kwanza wageni wakiwa wameshakaa, saa sita mchana, chini ya turubai. Kimeli alimwona Chesang kwanza, uso ukajikunja. Kisha akamwona aliyeshikwa mkono naye, na uso ukakosa hata pa kujikunjia.

"Kimeli mwanangu," alisema Chepkemei kwa sauti ya watu wa mlimani, ambayo imezoea kuvuka bonde. "Tangu ulete mama yako hujanijulia hali. Nikasema acha nije mwenyewe. Na nimekuletea dada yako, mtoto wa mama yako mdogo, ili binti asiozwe bila shangazi."

Wageni walishangilia. Posa yenye shangazi ni posa yenye uzito. Kimeli angefanya nini? Kumfukuza mama mdogo mbele ya wakwe ni kujivua nguo sokoni. Alitabasamu kama mtu aliyebanwa na kiatu, kiti kikaletwa, na Chesang akaketi mkono wake wa kuume, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

"Unataka nini?" Kimeli alinong'ona.

"Maziwa," alisema Chesang. "Siku ile sikuonja, mbwa walimaliza."

Mambo yakaenda hatua kwa hatua, sala, salamu, chai, kisha mursik. Msemaji wa wageni, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasafisha koo akafika palipo pagumu. Ukoo. Kifafa. Uchawi. "Na kuna wazimu, au ugonjwa wowote wa damu katika nyumba hii? Tunamsikiliza shangazi."

Chesang aliinuka, akainyoosha leso yake.

"Wageni wetu, mimi ni mtu wa vitunguu, sijui kusema. Baba yake mwenyewe atajibu. Mimi nitamsaidia na hiki." Akafungua fundo kwa meno, polepole, kana kwamba lilikuwa limefungwa miaka saba. Akatoa kipande cha kidonge cheupe, akakiweka kwenye kisahani kando ya kikombe cha Kimeli. Kililia *ti*.

"Hiki ni kidonge cha hospitali," alisema. "Mtu wa damu ya kawaida akimeza kipande kama hicho, atapiga miayo aende zake. Mtu wa damu ya bibi yangu Tapsubei akikimeza, shingo inageuka ikatazame alikotoka. Ndugu yangu Kimeli ni mtu wa damu safi. Aliwahi kuniambia hivyo mwenyewe, kwangu, mbele ya watu. Akimeze basi. Shingo ikikaa sawa mpaka jioni, mimi ni mwongo, na nitatembea kwa magoti kutoka hapa mpaka Saboti nikimwomba msamaha kila kijiji."

Mmoja alicheka akidhani ni mzaha wa posa. Aliyekaa karibu naye akamkanyaga mguu.

Kimeli alikiokota kidonge kwa vidole viwili. Chesang akamtazama, na kwa kweli hakuwahi kutazama kitu chochote kwa raha kama ile. Aliona jasho likitoka chini ya kofia, likafuata sikio, likasimama kwenye shingo yenyewe, mahali pale pale. Aliona anakumbuka mlango uliofungwa na bega la kushoto la mama yake. Pembeni, mashine ya kusagia ilikuwa imezimwa kwa heshima ya wageni, na bila ngurumo yake mzee alionekana mdogo.

"Kimeze tu, baba," Chepkemei alimhimiza. "Si ni kidogo?"

Mlangoni mwa jikoni alisimama Jepkoech, gauni jipya, mikono imeshikana kifuani. Chesang alimwona kwa pembe ya jicho, na moyo ukamfanyia jambo ambalo hakuuagiza. Ulimwonyesha Jeruto, kwenye mlango mwingine, miaka saba nyuma, amesimama vile vile. Akakasirika na moyo wake. Lakini kuona alikuwa ameshaona.

Kimeli alikirudisha kidonge kwenye kisahani.

"Siwezi," alisema.

"Sema kwa sauti, mzee wa nyuma ana masikio mazito."

"Siwezi kukimeza. Damu ni hiyo hiyo." Akameza mate, jambo ambalo angalau yeye aliweza. "Mama yangu hakuwa yatima. Alipinda shingo kwa sindano, hapa hapa, nikamrudisha Cheptais. Sikumfuata. Kijana wa huyu dada yangu alipopinda, nilijua. Nilijua ni kitu gani, nikamwita mwenye damu mbaya."

"Jina lake."

"Kipruto."

"Mzee wa nyuma amesikia?"

Mzee wa nyuma alisema amesikia, tena vizuri.

Wageni walianza kunong'onezana. Msemaji alivua miwani akaifuta, na hakuna jambo baya katika posa kama mzee anayefuta miwani. Hapo Chesang angeweza kukaa chini. Kisasi kilikuwa kimeiva, kilihitaji tu kuachwa motoni. Akatazama tena mlango wa jikoni, akaguna, akabaki amesimama.

"Sasa shangazi anajibu," alisema. "Mmeuliza ugonjwa wa damu. Huu si wazimu, wala si pepo, ni ini lisilo na haraka. Binti huyu atawalimia, atawazalia, na atawagombeza vizuri. Akiumwa, mkimpeleka hospitali mwambieni daktari: huyu ni mtu wa dozi ya ndege, na sindano ile ya kuzuia kutapika msimdunge. Basi. Anayetaka kuchorewa, nina kalenda."

Shangazi wa upande wa wageni, mwanamke mnene aliyekuwa hajasema kitu tangu chai, akapiga paja. "Sisi kwetu tuna pumu na wanaume wanaokoroma," alisema. "Ini tutaliweza." Msemaji akavaa miwani. Ng'ombe wakatajwa.

Wakati wa kuaga, Chesang alikichukua kidonge chake kwenye kisahani, akakifunga tena kwenye leso mbele ya macho ya Kimeli.

"Bado tunadaiana kikombe kimoja," alimwambia. "Jumatatu, siku ya soko. Ukibebe mwenyewe."

Na Kimeli alikuja. Jumatatu, saa nne asubuhi, barabara ya Saboti imejaa watu na magunia, mzee wa kanisa alitembea kwa miguu na kibuyu cha mursik kifuani kama mtoto mchanga. Wanawake wa sokoni walisimama kumtazama. Hakuna aliyeinamisha shingo, lakini Chesang alikuwa amewaambia wajizuie, na kujizuia kwao kulionekana wazi.

Uani, Kimeli alimimina kikombe akampa Kipruto kwa mikono miwili. Midomo ya Kipruto ilikuwa ikitafuna. Alikitazama kikombe, akamtazama mzee, kisha akainama akamimina kidogo kwenye nyasi. Mbwa mzee, aliyebaki peke yake katika wale wa zamani, akaja akalamba.

"Yeye alianza," Kipruto alisema kwa upole wake. "Nisingependa ajione amesahauliwa." Halafu akanywa yaliyobaki.

Kimeli alipewa chai. Hakuinywa. Aliizungusha, akainusa, akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, kile kidonge, bado unacho?"

"Kiko," alisema Chesang, akapapasa fundo. "Ndugu hawaachani. Nitakuwa nakuja kwenu Krismasi, Pasaka, na mtoto wa Jepkoech akizaliwa."

Mzee alirudi Kwanza na kiu yake.

Jioni Chesang alisema kichwa kinamgonga kwa sababu ya kucheka. Akafungua fundo, akakitupa kile kipande kinywani, akakiteremsha na ile chai ya Kimeli iliyopoa. Jeruto aliangusha sufuria.

"Mama! Na wewe si ni damu hiyo hiyo?"

"Kaa chini," alisema Chesang. "Vile vya kweli kaka yako alivitupa chooni. Hiki ni cha kichwa, nilikinunua kioski, nikaikwangua alama yake kwa kisu."

Jeruto alikaa chini. "Kwa hiyo Kimeli angekimeza..."

"Angepona kichwa tu. Na mimi ningekuwa natambaa kwa magoti mpaka sasa, labda nimefika darajani." Akajifuta mdomo, akaingia ndani kutafuta kidonge kingine cha kufunga, maana Krismasi ilikuwa imekaribia.